Ugonjwa wa kusahau kwa wazee wetu: mambo ambayo kanisa linaweza kufanya mapema

Mara nyingi habari hii haimfikii mchungaji kama habari ya ugonjwa. Inamfikia kama mashitaka. Mama mzee anasema mkamwana wake anamwibia pesa za akiba. Mkamwana naye analia kwamba amechoka kuitwa mwizi, na kwamba pesa zilikutwa ndani ya debe la unga, pale mama mwenyewe alipozificha. Au mzee wa kanisa aliyesoma matangazo kwa miaka 20 bila kukosea anaanza kusoma tangazo moja mara mbili, na vijana wanacheka. Au baba anatoka asubuhi kwenda kutazama shamba lake, jioni anarudishwa na mtu wa pikipiki aliyemkuta upande mwingine wa mji. Familia inakaa na kujadili. Ni uzee? Ni kiburi? Ni huzuni ya kufiwa? Kuna aliyemtupia kitu? Ni mara chache kusikia mtu akiuliza kama mzee ni mgonjwa.

Ndugu wapendwa, kuna ugonjwa wa ubongo ambao madaktari wanauita demensia. Mpaka leo hakuna dawa ya kuumaliza. Lakini kwa kawaida unakuja polepole, na ile miaka ya kwanza, wakati mgonjwa bado anazungumza, anacheka, anaomba na kuamua mambo yake, ndiyo miaka ambayo yeye, familia yake na kanisa wanaweza kufanya mengi. Tukingoja mpaka mzee asiwatambue watoto wake, mengi yatakuwa yamekwisha kupita.

Ugonjwa huu ni nini

Jina lenyewe linaleta shida. Kwa Kifaransa neno hilo ndilo watu mjini wanalitumia wakitaka kusema wazimu. Muuguzi akilitamka mbele ya familia, wanaosikia wanaelewa kwamba mama amekuwa chizi. Kwa hiyo tunapenda kusema ugonjwa wa kusahau, ingawa jina hili nalo halitoshi. Mgonjwa hasahau tu. Anapoteza pia uwezo wa kupanga mambo, kuhesabu, kupata maneno, kujua njia, na mara nyingine tabia yake inabadilika: mtu mpole anakuwa mkali, mtu wa aibu anasema maneno ya kushangaza.

Demensia si ugonjwa mmoja. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya Alzheimer, yenye jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 alimpokea Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau na kuwashuku watu wa nyumbani kwake. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer alichunguza ubongo wake na kuona mabadiliko ambayo mpaka leo yanatambulisha ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linasema Alzheimer ni kama asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa demensia. Aina nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa mtu aliyekaa miaka mingi na tansio isiyotibiwa. Huyo anaweza kushuka kwa ngazi: leo yuko hivi, baada ya pigo dogo la ubongo yuko chini zaidi, kisha anakaa hapo kwa muda.

Kuna wanaosema hayo ni magonjwa ya Wazungu, kwa sababu wao ndio wanaoishi miaka mingi. Si kweli. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati. Karibu na sisi, watafiti waliwapima watu wenye miaka 65 na zaidi katika miji ya Bangui na Brazzaville. Bangui walikuta wagonjwa ni asilimia 8.1, Brazzaville asilimia 6.7. Katika nchi yetu wenyewe, Jean Ikanga, mtaalamu Mkongomani anayefanya kazi na Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani na Chuo Kikuu cha Kinshasa, amechunguza wazee wa Kinshasa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika. Jambo hili la vipimo ni muhimu kuliko tunavyofikiri. Kumwambia mama ambaye hakuwahi kushika kalamu achore saa yenye namba zote 12, halafu kuandika kwamba akili yake imeharibika, ni kumwonea.

Sasa, kila mtu anasahau. Mtu wa miaka 70 anaweza kutafuta jina la jirani na kulipata baada ya saa moja. Anaweza kuweka miwani mahali na kuitafuta. Huo ni uzee wa kawaida. Tofauti inaonekana katika mambo ambayo mtu aliyafanya maisha yake yote. Mama aliyepika sombe miaka 40 sasa hajui kitu gani kinatangulia, au anatia chumvi mara tatu. Mfanyabiashara wa soko hawezi tena kurudisha chenji, anakutolea noti zote mkononi ili uchukue mwenyewe. Baba anauliza swali moja mara tano kabla chakula hakijaiva, na kila mara anauliza kama ni mara ya kwanza. Mwimbaji anaacha kwaya bila kueleza sababu. Kweli ni kwamba hawezi kufuata tena na anaona haya. Hiyo dalili ya mwisho tunaipita mara nyingi. Mzee anapojiondoa, sisi tunasema amepoa kiroho.

Dalili kama hizo zikidumu miezi, na zikiongezeka, familia isikae tu.

Si kila kuchanganyikiwa ni demensia

Hapa ndipo haraka inahitajika, kwa sababu baadhi ya magonjwa yanayofanana na demensia yanatibika.

La kwanza la kuangalia ni mwendo wa mambo. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, na Jumatano anaongea maneno yasiyoeleweka, anaona watu wasiokuwepo, au analala mchana na kukesha usiku, huyo hana demensia iliyoanza juzi. Kuna kitu mwilini: malaria, nimonia, maambukizo ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, kukosa maji, dawa mpya aliyopewa. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mzee anaweza kuwa na maambukizo makubwa bila homa kali, kwa hiyo tusiseme hana ugonjwa kwa kuwa mwili wake hauna moto.

Aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha baada ya siku au majuma akaanza kuchanganyikiwa na kuumwa kichwa, anaweza kuwa na damu iliyokusanyika chini ya fuvu. Hiyo inahitaji hospitali. Kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa inaweza kufika kwenye ubongo, na virusi vya UKIMWI pia. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, na pombe ya miaka mingi vinaweza kuharibu kumbukumbu. Na kuna huzuni kubwa. Katika mikoa yetu, ambapo watu wamezika watoto, wamepoteza ng'ombe na nyumba, wamekimbia mara tatu au nne, mzee anaweza kunyamaza, kukataa chakula na kusahau kwa sababu moyo wake umevunjika. Anahitaji msaada mwingine, na anaweza kurudi kuwa mzima.

Tusisahau masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri anajibu vibaya, na watu wanasema akili imekwenda. Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutosikia ni mojawapo, pamoja na tansio, sukari, sigara, pombe nyingi, kukaa peke yako na kukosa masomo utotoni. Kwa hesabu yao, karibu nusu ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yote yangeshughulikiwa. Kanisa lenye mashine ya tansio, na muuguzi anayewapima watu baada ya ibada ya Jumapili, tayari linafanya kazi juu ya ugonjwa huu hata kama halikujua.

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha karibu. Mpeleke mzee pamoja na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema hana shida. Andikeni kabla: mabadiliko yalianza lini, yakoje, anatumia dawa gani. Pelekeni dawa zote ndani ya mfuko, hata zile za mitishamba. Kituo kikishindwa, kitamtuma kwenye hospitali kuu. Makanisa yetu yana hospitali zinazojulikana, kama Panzi kule Bukavu, au CBCA Virunga na CBCA Ndosho kule Goma. Kwa magonjwa ya akili na ya ubongo kuna SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma, vituo vya mabruda Wakatoliki. Kumpeleka mzee huko si kukiri kwamba ni mwendawazimu. Ni kumpeleka mahali ambapo watu wamezoea kuona hali kama yake.

Neno juu ya uchawi

Tuseme waziwazi. Mama mzee anayetoka usiku bila kujua ni usiku, anayeongea peke yake, anayesimama mlangoni kwa jirani kwa sababu amedhani ni kwake, katika vijiji vyetu anaweza kuuawa. Mwezi wa Septemba 2021 iliripotiwa kwamba wanawake 8 waliuawa katika Kivu ya Kusini kwa kushitakiwa uchawi. Wengine walichomwa moto. Hatusemi hao walikuwa na demensia, hatujui walikuwa na nini. Tunasema kwamba dalili za ugonjwa huu, moja baada ya nyingine, ndizo zile zile ambazo watu wanazihesabu kuwa alama za mchawi.

Na mara nyingine neno la kwanza la mashitaka linatoka kwenye chumba cha maombi. Mtu anayejidai kuwa na maono anamnyoshea bibi kidole, na familia iliyokwisha kuchoka inapata jibu la haraka. Wachungaji wana kazi hapa ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Wakatae mashitaka ya namna hiyo kutamkwa chini ya jina la kanisa. Wamtembelee mzee mchana, mbele ya majirani, wakae naye, wale pamoja naye. Jirani akimwona mchungaji anakula ugali kwa mama huyo, ameelewa zaidi ya mahubiri matatu.

Maombi kwa mgonjwa ni mema na tusiyaache. Lakini kumfungisha mzee siku tatu bila chakula na bila dawa zake za tansio au za sukari si maombi, ni hatari. Atachanganyikiwa zaidi, na watasema pepo limekuwa kali.

Kuzungumza na mgonjwa mwenyewe

Familia nyingi zikipata jibu la daktari zinamficha mzee. Wanakutana nyuma ya nyumba, wananong'ona, na mzee anayeona watu wakinyamaza kila anapoingia anaanza kushuku. Katika hatua ya kwanza mgonjwa mara nyingi anajua kuna kitu kinamtoroka. Anaogopa peke yake. Ni afadhali mtoto anayemwamini akae naye na kumwambia kwa maneno mepesi: "Baba, daktari amesema ubongo wako una ugonjwa unaofanya usahau. Si kosa lako. Tuko pamoja nawe. Tunataka utuambie unavyopenda mambo yawe." Huenda atakasirika. Huenda atasahau mazungumzo hayo. Yarudiwe, kwa upole, kidogo kidogo.

Sababu ya pili ya kusema mapema ni kwamba kuna mambo ambayo yeye tu anayajua. Mpaka wa shamba unapita wapi, na nani alikuwepo wakati wa kupima. Nani anamdai, nani anadaiwa naye. Karatasi za kiwanja ziko kwa nani. Katika mikoa ambayo ugomvi wa ardhi umemwaga damu, kumbukumbu ya mzee mmoja inaweza kuwa ushahidi pekee wa familia nzima. Aitwe angali anaweza kueleza, watoto wote wawepo, na wale wa kike pia, pamoja na shahidi mmoja au wawili kutoka kanisani ambao hawana faida katika mali hiyo. Yaandikwe na tarehe iwekwe. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua wasia ambao mtu ameuandika kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aende kuuliza kwa notere au kwenye ofisi ya eta-sivili. Mambo haya yafanyike angali na akili yake, kwa sababu wasia unaoandikwa wakati mtu hajui tena anachosema utavunjwa, na kwa haki.

Tumeona pia upande mbaya: mtoto mmoja anayejua kwamba baba anasahau, na anampeleka peke yake kuweka kidole kwenye karatasi ya kuuza kiwanja. Mashemasi wasikae kimya juu ya hilo kwa kusema ni mambo ya familia.

Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money nayo inahitaji mpango. Mzee anayesahau anaitoa kwa yeyote anayepiga simu na kujifanya mtu wa kampuni. Aache pesa kidogo tu kwenye simu anayotembea nayo, na akiba ikae mahali alipochagua yeye mwenyewe akiwa na mtu anayemwamini.

Halafu tumwulize anapenda nini. Nani amwogeshe siku ikifika? Anataka kubaki nyumbani kwake au kwa mtoto yupi? Nyimbo gani anapenda? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini miaka mitatu baadaye, wakati hawezi tena kusema, mtoto anayemhudumia atakuwa na jibu.

Asiondolewe katika kazi zote. Aliyekuwa anasoma matangazo anaweza kusimama mlangoni kusalimia watu pamoja na shemasi mwingine. Aliyekuwa anashona vikwembe vya kwaya anaweza kukunja nguo. Nyimbo za zamani zinakaa kichwani kwa muda mrefu sana. Kuna wazee wasioweza kusema jina la mji wao na bado wanaimba beti zote bila kitabu. Kwenye Meza ya Bwana mtu akae karibu naye, amwonyeshe taratibu, basi.

Namna ya kuishi naye kila siku

Salamu mbaya kuliko zote kwa mtu huyu ni ile tunayoipenda: "Bibi, unanikumbuka? Niambie mimi ni nani!" Ni mtihani, na anashindwa mbele za watu. Sema wewe: "Shikamoo bibi, mimi ni mtoto wa mdogo wako, ninatoka Uvira." Amefurahi, hana aibu.

Semeni jambo moja kwa wakati, kwa sentensi fupi, mkiwa mbele ya uso wake. Mpeni nafasi ya kujibu. Akisema anataka kwenda nyumbani kwa mama yake ambaye alikufa miaka 30 iliyopita, msimzike mama yake upya kila jioni. Mwulizeni mama yake alikuwa mtu wa namna gani, alipika nini. Mara nyingi anachotafuta ni usalama, na mazungumzo yanampa. Akishitaki kwamba ameibiwa, msibishane. Tafuteni pamoja naye. Mkamwana anayeitwa mwizi ajue kwamba ni ugonjwa unaosema hivyo. Tunajua kujua hivyo hakuondoi uchungu wote.

Nyumbani, mambo machache yanaokoa maisha: jiko la makaa lisiachwe naye peke yake, sumu ya panya na petroli zitoke mahali pa chakula, dawa zitolewe na mtu mmoja. Ratiba isibadilike ovyo. Kuamka, kunawa, chai, kutembea kidogo, chakula, kwa saa zile zile. Mchana akifanya kazi ndogo kama kuchambua maharage au kufagia uwanja, usiku atalala vizuri zaidi. Taa ndogo usiku kwenye njia ya choo inapunguza kuanguka na hofu.

Anayemhudumia naye anaumia

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wanatoa asilimia 70 ya saa zote za kuwahudumia watu wenye demensia, na kwa wastani ndugu anayehudumia anatumia saa 5 kwa siku. Kwetu tunaweza kumtaja huyo mtu bila takwimu. Ni binti asiyeolewa, au aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, au mkamwana mdogo, au mjukuu wa miaka 13 aliyeacha masomo ili "abaki na tate". Ndugu walio Kampala au Kinshasa wanatuma dola 20 na mashauri ya dola 200. Yeye haendi tena kwenye kikundi cha wamama, haendi sokoni kuuza, MUSO yake imekatika kwa sababu hana cha kuweka. Analala nusu usiku. Siku moja anampigia mzee kelele, au anampiga, kisha analia na hawezi kumwambia mtu.

Tunapotembelea wagonjwa tunauliza hali ya mzee, tunaomba, tunaondoka. Ingekuwa vizuri mmoja wa watembeleaji amchukue huyo binti jikoni na kumwuliza: "Na wewe, umelala saa ngapi jana?"

Wamama wa makanisa yetu wanajua likelemba: kila mmoja anaweka kidogo, kila zamu mmoja anapokea. Likelemba inaweza kufanywa kwa muda badala ya pesa. Watu sita katika mtaa mmoja, kila mmoja akitoa nusu siku kwa majuma mawili, wanampa mhudumu nusu siku tatu kila juma za kwenda sokoni, kulala, kufua, au kukaa tu. Mzee anazoea sura hizo sita angali katika hatua ya kwanza. Wakianza wakati amekwisha kuharibika sana, atawaogopa kama wageni. Hii ni sababu nyingine ya kutongoja.

Familia nayo ikutane, na kanisa linaweza kuwa msuluhishi. Mjukuu arudi shuleni. Aliye mbali atume kiasi kinachojulikana kila mwezi. Mwana wa kiume anayekaa nyumba hiyo hiyo ajifunze kumwogesha baba yake. Hakuna Andiko linalosema kazi hiyo ni ya wanawake.

Kisha kuna mkutano wenyewe, yaani wagonjwa wa hatua ya kwanza na wahudumu wao kukutana mara moja kwa mwezi. Hauhitaji mradi wala wafadhili. Unahitaji chumba cha kanisa, chai, muuguzi mmoja anayekubali kuja, na mama au baba mwenye subira wa kuongoza. Saa moja na nusu inatosha. Nusu ya kwanza wote wako pamoja: wimbo, salamu, habari moja tu ya kujifunza, kwa mfano tansio, au usingizi, au pesa za simu. Nusu ya pili wahudumu wanakaa pembeni wazungumze yale wasiyoweza kusema mbele ya mgonjwa, wakati wagonjwa wanabaki na vijana wa kwaya wakiimba au wakitazama picha za zamani za parokia. Yanayosemwa humo yasitoke nje, na kiongozi alirudie hilo kila mara. Wahamasishaji wa afya wa mtaa, wale tunaowaita reko, waalikwe. Wao wanaingia nyumba zote na watajua nani amefichwa chumbani. Jirani Mwislamu au Mkatoliki mwenye mzee anayesahau naye akaribishwe. Siku ya tarehe 21 Septemba, inayokumbukwa duniani kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer, inafaa kwa mkutano wa kwanza.

Wakati wa kukimbia

Linabaki jambo la vita. Mtu anayesahau anategemea mahali anapopajua: mti ule, mlango ule, sauti ya jirani. Risasi zikilia na familia ikatoka usiku, yeye ndiye wa kwanza kupotea, na akifika kambini au kwa wenyeji wanaowapokea anaweza kuharibika kwa siku chache kuliko alivyoharibika kwa mwaka mzima. Familia zinazoishi karibu na mapigano zipange kabla. Mtu mmoja, mwenye jina, awe wa kumshika mkono babu na asiwe na mzigo mwingine. Jina la mzee, la kijiji, na namba mbili za simu za ndugu ziandikwe kwenye kitambaa na kushonwa ndani ya nguo anayovaa kila siku, kwa sababu karatasi inalowa na simu inaibiwa. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu za watu wawili. Dawa zake za juma moja zikae ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango, pamoja na kitu kimoja anachokipenda: kikwembe chake, fimbo yake, Biblia yake ya zamani. Mkifika, mwambieni jambo hilo kiongozi wa kambi na mchungaji wa mahali siku ile ile, ili mtu akimkuta mzee anatangatanga usiku ajue amrudishe wapi.